Bei za Hisa Zikiporomoka: Mwongozo Kamili kwa Mwekezaji Mdogo

Nilinunua hisa za Safaricom mwaka 2008, wakati serikali ya Kenya ilipokuwa ikiuza asilimia 25 ya kampuni hiyo. Zilikuwa hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5, na mtu hakuruhusiwa kuomba chini ya hisa 2,000. Akiba yangu haikutosha, nikachukua mkopo kwenye SACCO. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni, bei ilipanda ikapita shilingi 7, na kwa siku chache nilijiona nimefanya jambo la maana sana maishani. Kisha bei ikaanza kuteremka. Mapema mwaka 2009 ilikuwa karibu shilingi 3. Makato ya mkopo hayakusimama, karo nayo ilikuwa mlangoni. Nikauza zote.

Mwaka 2021 hisa hizohizo zilipita shilingi 40.

Nimeyarudia mambo hayo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kampuni haikuwa imeharibika. Simu zilipigwa, M-Pesa ilizidi kuenea, faida iliingia. Niliuza kwa sababu pesa zile zilikuwa zinadaiwa kwingine, na mwenye deni hana nafasi ya kungoja. Tangu hapo nimeona watu wengi wakiumia sokoni, na karibu kila mara mkasa ni uleule: bei ilishuka kwa muda, ikamkuta mtu ambaye hawezi kusubiri. Mwongozo huu unahusu namna ya kujiweka mahali ambapo unaweza kusubiri, na namna ya kujua ni lini kusubiri ni kupoteza wakati.

Hatua ya kwanza: zipe pesa zako tarehe

Kazi hii hufanywa soko likiwa limetulia. Chukua daftari, andika kila fungu la pesa ulilonalo na siku utakayolihitaji. Karo ya Januari. Kodi ya nyumba. Mahari ya kijana. Bati za nyumba ya mashambani. Kisha pitisha mstari: chochote chenye tarehe ndani ya miaka mitano hakiingii kwenye hisa.

Miaka mitano inaweza kuonekana mingi, kwa hiyo tazama yaliyopita. Huko Marekani, soko lilipoanguka kwa ajili ya korona, faharasa (kipimo kinachojumlisha bei za hisa za kampuni nyingi) ya S&P 500 ilishuka kwa takriban asilimia 34 kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, na kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imerudi ilikokuwa. Hiyo ilikuwa bahati. Anguko lililoanza Oktoba 2007 liliishusha kwa zaidi ya nusu, na haikurudi kileleni hadi 2013. Japani ni mbali zaidi: kilele cha Nikkei cha Desemba 1989 hakikuvukwa hadi Februari 2024.

Na hapa kwetu? Faharasa ya hisa 20 ya soko la Nairobi ilipita 6,100 mnamo Januari 2007. Mwisho wa 2024 ilikuwa karibu 2,000. Faharasa hiyo haihesabu migao ya faida ambayo wenye hisa walilipwa njiani, na kampuni zilizomo zimebadilishwabadilishwa, lakini bado ni jambo la kumfanya mtu avue viatu kabla ya kuingia. Anayekuambia kwamba soko hurudi siku zote hajazitazama namba hizi.

Pesa zenye tarehe ya karibu ziweke kwenye mfuko wa soko la fedha (mfuko wa pamoja unaokopesha kwa muda mfupi), SACCO, hati za hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi kwa serikali, au akaunti ya akiba. Kwa msomaji wa Tanzania, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS hufanya kazi hiyo vizuri, lakini chagua ule wa ukwasi, yaani wa pesa zinazotolewa kwa urahisi, kwa sababu mingine ndani yake ina hisa. Kisha weka akiba ya dharura ya matumizi ya miezi sita nje ya hesabu hizi zote. Najua ni vigumu. Ikiwa bado huna, jenga hiyo kwanza na hisa zisubiri, hazitakimbia.

Hatua ya pili: siku ya anguko, usiguse kitu

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Faharasa ya hisa 20 ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 na soko la Nairobi likasimamisha biashara siku hiyo. Simu yangu haikunyamaza. Shemeji yangu alipiga mara tatu: "Shemeji, Jumatatu asubuhi uza, usingoje." Alikuwa anaogopa kwa niaba yangu, na namshukuru. Lakini safari hii sikuwa na mkopo, na karo ilikuwa benki.

Kuna jambo la kiufundi linalosaidia kutulia. Katika soko la Nairobi, kwa siku ya kawaida bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo ukilala usiku mmoja ukaamka bado unataka kuuza, kuna kikomo cha utakachokuwa umepoteza. Ukiuza leo kwa hofu, pesa zenyewe huzipati leo. Malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Haraka yako haikununulii chochote.

Mimi hujipa siku mbili kamili. Katika siku hizo siongei na dalali anayeninunulia na kuniuzia hisa, na bei naitazama mara moja tu, baada ya soko kufungwa saa tisa alasiri. Kutazama kila dakika kulimbeba mtu mmoja ninayemjua hadi akauza saa nne asubuhi na kununua tena saa nane mchana kwa bei ya juu zaidi.

Hatua ya tatu: jua kilichoshuka ni nini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo nakuomba ukae zaidi.

Kuna anguko la soko zima, ambapo nzuri na mbaya hubebwa pamoja kama mafuriko yanavyobeba mbuzi na magogo. Na kuna anguko la kampuni moja, wakati nyingine zimetulia. La kwanza mara nyingi hupita. La pili laweza kuwa mwanzo wa msiba.

Chukua tena Safaricom, kutoka zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021 hadi karibu 12 mwishoni mwa 2023. Ni anguko la kutisha, zaidi ya theluthi mbili ya thamani. Lilisababishwa na nini? Kwanza, riba zilipanda Marekani kuanzia 2022, na mifuko ya wageni ikatoa pesa zake katika masoko madogo kama letu. Kwa kuwa wageni walikuwa wameshika hisa nyingi za kampuni kubwa, waliuza hizo. Pili, shilingi ilidhoofika hadi karibu 160 kwa dola mapema 2024, na kila mtu aliuliza kama Kenya italipa deni lake la dola bilioni 2 lililoiva Juni mwaka huo. Tatu, hati fungani za serikali, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo wawekezaji huipa serikali, zililipa sana: ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 bila kodi. Nani angeshika hisa? Nne, kampuni yenyewe ilikuwa ikimwaga pesa kuanzisha biashara Ethiopia, na faida ya kundi zima ikapungua.

Angalia sababu hizo moja moja. Tatu za mwanzo ni hali ya hewa: zinaweza kubadilika bila kampuni kufanya lolote. Ya nne ilihusu kampuni, kwa hiyo ilihitaji kuchunguzwa, na aliyechunguza aliona kwamba biashara ya Kenya bado ilikuwa ikiingiza faida kubwa na mgao uliendelea kulipwa, shilingi 1.20 kwa kila hisa kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024. Deni la nje likashughulikiwa, shilingi ikaimarika hadi karibu 130 kwa dola, riba zikaanza kushuka, na mwaka 2025 hisa hiyo ikavuka shilingi 25.

Sasa weka kando yake Mumias Sugar. Hiyo nayo ilishuka, na wengi walisema itarudi kwa sababu Wakenya hawataacha kunywa chai yenye sukari. Lakini kampuni ilitangaza hasara mwaka baada ya mwaka, ikaacha kulipa mgao, ikaishi kwa misaada ya serikali huku madeni yakirundikana. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, iliiweka chini ya msimamizi wake, na hisa zikasimamishwa. Wakulima na walimu waliokuwa wakisubiri bei irudi wanasubiri hadi leo. Na hata pale kampuni isipokufa, pesa zinaweza kufungiwa: hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 na hazikuuzwa tena sokoni hadi Januari 2025.

Basi fungua taarifa za fedha. Kila kampuni iliyoorodheshwa hutoa hesabu za nusu mwaka na za mwaka mzima, zikachapishwa magazetini na kwenye tovuti yake. Huhitaji kuwa mhasibu. Tafuta mambo machache. Je, fedha taslimu zinazotokana na shughuli za biashara ni chanya, au faida ipo kwenye karatasi tu? Madeni yanakua kwa kasi kuliko mauzo? Mkaguzi wa hesabu ameandika kwamba ana shaka kama kampuni itaweza kuendelea na biashara? Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba nzima ya mwenyekiti. Mgao ukikatwa, sababu iliyotolewa inaeleweka? Pia fuatilia tangazo la onyo la faida: nchini Kenya kampuni inalazimika kulitoa ikitarajia faida itapungua kwa angalau asilimia 25. Onyo moja laweza kuwa ajali ya mwaka mmoja. Maonyo mawili mfululizo, mimi huanza kutafuta mlango.

Hatua ya nne: elewa hesabu ya kurudi

Hisa ikishuka kwa asilimia 20, inahitaji kupanda asilimia 25 ili urudi ulikoanzia. Ikishuka 50, inahitaji kupanda 100. Ikishuka kutoka 45 hadi 12, lazima ipande asilimia 275. Kwa hiyo usijiahidi kwamba utasubiri "hadi pesa yangu irudi". Bei uliyonunulia wewe soko haliijui. Swali lenye maana ni hili: kama leo ningekuwa na pesa hizi mkononi badala ya hisa, ningeinunua kampuni hii kwa bei ya leo? Ukijibu hapana kwa moyo mweupe, unaishikilia kwa ajili ya nini?

Hatua ya tano: kama unaongeza, ongeza kwa mafungu

Kampuni ikipita mtihani wa hatua ya tatu, na pesa ulizonazo hazina tarehe, bei ya chini ni nafasi. Lakini hakuna anayejua sakafu iko wapi, kwa hiyo usirushe zote siku moja.

Tuseme una shilingi 30,000. Zigawe mara sita, 5,000 kila mwezi, siku mbili baada ya mshahara, bila kujali redio inasema nini. Chukua mfano wa kubuni: bei iwe 20, kisha 16, kisha 12.50 miezi miwili, kisha 16, kisha 20. Utakuwa umekusanya hisa 1,924 kwa wastani wa karibu shilingi 15.60, kabla ya ada. Aliyetumia zote mwezi wa kwanza ana hisa 1,500. Bei imerudi palepale ilipoanza, lakini wewe umeshapata faida na yeye yupo alipokuwa.

Zamani mpango huu ulikuwa mgumu Nairobi kwa kuwa ulilazimika kununua hisa 100 kwa mpigo. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, na huo ni msaada mkubwa kwa mtu wa kipato kidogo.

Unapoagiza, mwambie dalali bei ya juu kabisa utakayolipa. Usimwambie "ninunulie tu". Hisa nyingi za masoko yetu huuzwa kwa nadra, na agizo lisilo na kikomo linaweza kukamatwa na bei ya ajabu. Na jiwekee mpaka: mimi siruhusu kampuni moja ipite sehemu moja ya tano ya pesa zangu za hisa, hata niipende vipi. Kuongeza kwenye hisa inayoshuka ni kutamu, kwa sababu wastani wako unashuka na unajisikia mwerevu. Watu wa Mumias nao walikuwa wakishusha wastani.

Hatua ya sita: kuuza kwa sababu, na gharama zake

Zipo sababu halali za kuuza bei ikiwa chini. Biashara imeharibika, na umeiona kwenye hesabu. Au uligundua kwamba umeweka pesa zenye tarehe, na huna pengine pa kuzitoa. Basi uza kiasi unachohitaji, si zote. Au usingizi umekukimbia kabisa, ishara kwamba ulibeba zaidi ya uwezo wako. Punguza hadi ulale. Hakuna aibu.

Sababu isiyo halali ni ile ya "nitauza sasa, ninunue tena ikishuka zaidi". Ada za dalali na tozo za soko Nairobi ni karibu asilimia 2 kila upande. Hisa za shilingi 50,000 ukiziuza na kuzinunua tena, takriban shilingi 2,000 zimeondoka. Bei lazima ishuke zaidi ya asilimia 4 baada ya wewe kuuza, na uwahi kurudi kabla haijapanda, ndipo uambulie kitu. Siku nzuri kabisa za soko huwa jirani na siku mbaya kabisa. Anayetoka huwa bado yuko nje zinapofika.

Wakati unasubiri, mgao unaendelea kuingia. Aliyenunua Safaricom kwa shilingi 12 alipata mgao wa 1.20, ukakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, akabaki na 1.14, yaani asilimia 9.5 ya pesa zake. Tanzania nako kuna mfano mzuri wa subira: hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa TSh 150, miaka kumi baadaye zilikuwa chini ya bei hiyo, na mwaka 2024 zikavuka TSh 600. Miaka kumi ni mtoto kuzaliwa na kufika darasa la nne. Nani angeweza kungoja hivyo kwa pesa za mkopo?

Ikiwa tayari una mkopo

Usiongeze hisa hata moja. Orodhesha deni, riba na makato ya mwezi, kisha uliza kama mshahara pekee unaweza kuyabeba kwa miaka miwili bila kugusa hisa. Ukiweza, endelea kulipa na uache hisa zitulie. Usipoweza, nenda kwa mkopeshaji uombe kurefushiwa muda kabla hujachelewa hata mwezi mmoja. Husikilizwa zaidi anayekuja mapema. Ikishindikana, uza sehemu ya kutosha kuleta makato chini. Ningefanya hivyo mwaka 2009 ningebaki na nusu ya hisa zangu.

Chama na nyumba

Kama mnawekeza kama chama, andikeni kwenye katiba wakati wa utulivu kwamba uamuzi wa kuuza hisa hauwezi kupitishwa ndani ya siku 14 tangu soko lianguke, na unahitaji theluthi mbili ya wanachama waliokaa kikao. Bila hivyo atakayeamua ni yule anayeandika zaidi kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku. Nyumbani, mweleze mwenzio pesa ziko wapi na kwa nini. Mume au mke anayegundua hasara kwa kushtukia ana haki ya kudai zitolewe, na zitatolewa siku mbaya.

Soko likianguka pia huzuka watu wa "kukurudishia hasara". Kabla ya kumtumia yeyote hata shilingi, tazama orodha ya waliopewa leseni na mamlaka ya masoko ya mitaji, CMA kwa Kenya, CMSA kwa Tanzania. Na omba taarifa ya akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako kielektroniki, kutoka hazina kuu ya hisa yenyewe, usitegemee karatasi ya dalali peke yake: kati ya 2007 na 2009 madalali watatu wa Nairobi walianguka, na fidia ya mwekezaji ilikuwa na ukomo wa shilingi 50,000.

Bei zikisharudi

Mgao wa kwanza urudishe kwenye akiba ya dharura uliyoimega. Kampuni iliyokua ikapita sehemu yako ya tano, uza kilichozidi, sasa ambapo bei ni nzuri. Hakikisha msajili wa hisa ana namba yako ya benki au ya simu iliyo hai, kwa kuwa migao isiyochukuliwa hatimaye hupelekwa kwenye mamlaka ya mali zisizodaiwa na kuidai huko ni safari ndefu.

Kisha lifungue daftari. Kwa kila anguko andika tarehe, bei, sababu uliyoamini siku ile, na ulichofanya. Ukurasa wangu wa tarehe 13 Machi 2020 una mistari mitatu: "Soko limesimamishwa. Sina deni, karo iko benki. Sijauza."